Duka liliungua Mwanga, Kigoma, na kampuni ya bima imekataa kulipa: nilikosea wapi?

Muuza Vitenge wa Mwanga

Habari za jioni, ndugu zangu. Nina duka la vitenge na mashuka hapa Mwanga, Kigoma Mjini, ambalo mwezi wa nne liliteketea usiku kwa moto ulioanzia kwenye chumba cha fundi cherehani tunayepakana ukuta. Zimamoto walifika, na ripoti yao inasema wazi kwamba moto haukuanzia kwangu. Bima ya moto nilikata miaka miwili iliyopita nilipochukua mkopo wa shilingi milioni 25, na nimeilipia kila mwaka bila kuchelewa hata siku moja.

Wiki iliyopita kampuni imeniandikia barua ya kukataa madai yangu yote kwa sababu tatu: dukani kulikuwa na mitungi ya gesi ambayo haikutajwa kwenye fomu, mali ninayodai, yaani milioni 50, ni mara mbili ya kiwango kilichokatiwa bima, na ushahidi wa mali iliyokuwamo hautoshi. Mitungi kweli ilikuwapo, kumi na miwili, niliianza mwaka jana kwa sababu wateja walikuwa wakiiulizia, lakini vijana wa jirani waliikokota nje kabla moto haujaifikia. Daftari langu la mauzo liliungua. Limebaki jalada gumu, na ndani yake kurasa zimeshikana zikawa tofali la majivu. Naomba mnieleze kama bado nina haki yoyote.

Wakala wa Zamani

Pole sana, dada. Nimefanya uwakala wa bima Tabora na Kigoma kwa miaka mingi, na ninasikitika kusema kwamba madai mengi niliyoyaona yakikataliwa yalikuwa yameharibika tangu siku ya kujaza fomu, mteja asijue mpaka hasara ilipomfika.

Nianze na mitungi, kwa kuwa ndiyo hoja yao nzito. Kampuni hupanga ada kwa kuangalia hatari inayoibeba, na duka la vitenge si sawa na duka la vitenge lenye gesi. Ndiyo maana mikataba mingi ya bima ya moto huwa na sharti linalomtaka mteja atoe taarifa kila anapobadilisha matumizi ya jengo au aina ya bidhaa. Mteja asipotoa taarifa, kampuni inaweza kukataa hata kama kitu kilichoongezwa hakikusababisha moto. Lakini masharti haya hayaandikwi kwa namna moja. Yako yanayosema kinga yote inakoma, na yako yanayoondoa tu hasara iliyotokana na badiliko lenyewe. Kama lako ni la namna ya pili, ripoti ya Zimamoto inakusimamia kikamilifu. Dai nakala kamili ya mkataba, wala usikubali kupewa cheti cha ukurasa mmoja, kisha uwatake wakuonyeshe kifungu wanachokitegemea.

Sababu ya pili mimi siikubali. Kukata bima pungufu hupunguza malipo, hakuyafuti. Mali ya milioni 50 ikikatiwa bima ya milioni 25, mteja anahesabiwa kuwa nusu ya hatari ameibeba mwenyewe. Ikiungua ya milioni 10 analipwa 5, na ikiteketea yote, kikomo ni zile 25, ukiondoa kiasi ambacho mkataba unamtaka mteja akibebe mwenyewe. Hakuna hesabu hapo inayoleta sifuri.

Fomu ya maombi aliijaza nani?

Lori la Kasulu

Mimi nilikosa fidia ya gari kwa kosa ambalo lingenigharimu dakika moja kulizuia. Lori langu la mizigo lilipinduka likiwa na dereva mwenye leseni hai, mzoefu, asiyetumia kilevi. Leseni yake ilikuwa ya daraja D, ambalo haliruhusu gari la mizigo la biashara, ilhali ilitakiwa E. Fomu za polisi nilikuwa nazo zote, PF 90, PF 93 na PF 115, pamoja na mchoro wa eneo la ajali, na hazikunisaidia kitu. Tangu siku hiyo simpi dereva ufunguo kabla sijaishika leseni yake na kusoma daraja kwa macho yangu.

Muuza Vitenge wa Mwanga

Asanteni sana. Fomu aliijaza ofisa wa mkopo, mimi nilioneshwa tu mahali pa kuweka saini. Kiwango cha milioni 25 kilitokana na mkopo, hakuna aliyekuja kuhesabu mali. Kuhusu ushahidi, vitenge vingi nina risiti zake kwa muuzaji wa jumla, ila vingine nilinunua kwa wafanyabiashara wanaoshusha mizigo Kibirizi, bila karatasi yoyote.

Mhasibu wa Ujiji

Dada yangu, daftari limeungua lakini biashara yako imeacha alama kwingine. Kama unatumia mashine ya EFD, ile ya kutolea risiti za kodi, mauzo yako yamekuwa yakifika TRA. Omba taarifa za akaunti ya benki na za miamala ya simu, mwombe muuzaji wa jumla nakala za risiti, na tafuta hata picha za rafu ulizowahi kuwatumia wateja. Vile vya Kibirizi ambavyo huwezi kuvithibitisha, viache nje ya orodha, ingawa najua vinauma. Dai likionekana limetiwa chumvi sehemu moja, kampuni ina sababu ya kulitupa lote.

Wakala wa Zamani

Niongeze mambo ya utaratibu. Saini yako inakufunga hata kama kalamu ya kujazia ilikuwa ya mwingine, kwa hiyo usiegemee sana hoja ya ofisa wa mkopo. Lakini ieleze, hasa kama alijua unauza nini. Andika barua ya kupinga uamuzi, ukijibu sababu moja moja, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Wasipobadili msimamo, peleka malalamiko TIRA, mamlaka ya serikali inayosimamia kampuni za bima, au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ofisi iliyoanzishwa chini ya Sheria ya Bima ya 2009, ambayo haimtozi mlalamikaji ada.

Tena wanaweza kukuita wakupe kiasi kidogo ili jambo liishe. Hati ya kukubali malipo watakayokupa kwa kawaida inasema hutadai tena chochote. Usiisaini siku hiyo hiyo. Iombe, uende nayo nyumbani, na umwoneshe mwanasheria kabla hujagusa kalamu.