Kageuza kitambulisho tu, kazi imekwisha!

Mtoto wa Koboko: Jamani, nina hasira hadi mikono inatetemeka. Yule mwenye ghala la sabuni kule Kikuubo, mtaa wa maduka ya jumla hapa Kampala, mnamjua, yule ambaye tumbo lake hufika dukani kabla yake, leo kaniita usaili wa keshia. Vyeti kavipenda. Hesabu alizonipa nimezimaliza hata miwani hajaipata. Barua ya LC1, mwenyekiti wa kijiji, kaisoma, kasema safi. Kisha akageuza kitambulisho.

Akakigeuza! Upande wa nyuma, ule wenye kijiji na wilaya. Kusoma tu Koboko, akakisukuma mezani kwa kidole kimoja: "Mtu wa kwenu alitoroka na mauzo yangu ya Krismasi. Wa huko sichukui tena."

Kwa kidole kimoja! Huyo mwizi simjui, hata basi moja hatujawahi kupanda. Na mpwa wake je, aliyekula mtaji Kikuubo nzima ikijua? Yuko pale pale kaunta, anatafuna mandazi! Wa kwao akiiba ni utoto. Wa kwetu akiiba, tumeiba wilaya nzima, na vichanga na mbuzi wetu.

Katiba ya Uganda ya 1995, ibara ya 21, inakataza kumbagua mtu kwa kabila. Sheria ya Ajira ya 2006 inakataza kumbagua kwa asili yake. Yeye sheria yake ni Krismasi. Kageuza, kasukuma!

Nalongo Kisenyi: Pole mwanangu. Mimi kwingine niliulizwa nitazaa lini, eti keshia aliyenitangulia alishika mimba. Nina miaka 51!

Dereva Bwaise: Mnapenda kulia. Ungesema unatoka Mukono.

Mtoto wa Koboko: Ningesemaje na kitambulisho kakigeuza?!

Mzee wa Arua Park: Lakini kaibiwa kweli. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Mtoto wa Koboko: Mzee, mimi si ung'ongo, nina diploma!

Dereva Bwaise: Heri wewe. Mwenye nyumba wangu hataki mabachela, mmoja alihama usiku na balbu.

Nalongo Kisenyi: Balbu tu? Kwetu mtu aling'oa kitasa, sasa wapangaji wote tunadaiwa kodi ya miezi sita mbele.

Dereva Bwaise: Miezi sita?! Nalongo, dalali wako ni yule wa kofia nyekundu?

Nalongo Kisenyi: Huyo huyo! Na wewe kakula ngapi?