Majirani Sahare (kundi la simu la mtaa wetu, Tanga): Jeki atembezwe wapi?

Mama Anna: Assalam alaykum na habari za jioni majirani. Mnamjua Jeki, mbwa wetu. Tulimchukua kwa ajili ya ulinzi baada ya ule wizi wa betri za magari, na kazi yake anaifanya. Lakini mchana kutwa yuko kwenye mnyororo, na usiku akifunguliwa uwanja wenyewe ni mdogo. Analia, najua mnamsikia. Nataka tumtembeze asubuhi mimi na Anna, mwendo wa maana, saa nzima au zaidi. Raskazone sitaki, magari mengi na watu wa mazoezi. Nani anajua njia za pembeni, zile ambazo kwenye ramani ya simu hazipo?

Juma Boda: Dada zipo. Kama unataka ndefu, ingia mkonge wa Kigombe ukishika barabara ya Pangani. Mle ndani barabara za trekta zimenyooka mpaka macho yanachoka. Asubuhi hukutani na mtu isipokuwa wakata mkonge.

Mama Anna: Kigombe si mbali kwa kila siku?

Juma Boda: Kila siku hapana. Jumapili sawa. Ila shamba lina mwenyewe, unaanza kwa mlinzi getini unaomba ruhusa. Ukiwa na mbwa ni lazima kabisa, nao wana mbwa wao.

Bi Mwanaidi: Mama Anna mwanangu, sina ugomvi na wewe wala na Jeki. Ombi langu moja tu, uchochoro wa msikitini msipite naye. Mjukuu wangu aliumwa na mbwa wa watu, akachomwa zile sindano, mpaka leo akiona mbwa anapanda ukutani.

Mama Anna: Shikamoo Bi Mwanaidi. Pole sana kwa mjukuu. Hatupiti huko, na kamba haimtoki shingoni mpaka tufike pasipo na watu.

Bi Mwanaidi: Marahaba mwanangu. Nimeridhika.

Ustadh Bakari: Bi Mwanaidi kasema vizuri, naongeza kidogo ili pasiwe na chuki bure. Kufuga mbwa wa ulinzi, wa mifugo au wa kuwinda kunaruhusiwa. Shida ni mate yake na unyevunyevu wake. Sisi Mashafi'i kikiguswa chombo au nguo ni kuosha mara saba, moja kwa udongo. Sasa fikiria mtu kavaa kanzu safi anakwenda alfajiri, mbwa anamrukia kwa furaha. Hilo si kosa la mbwa, lakini swala ya mtu imecheleweshwa. Kwa hiyo Mama Anna toka nyumbani watu wakisharudi kuswali. Kuanzia saa kumi na mbili na robo njia iko wazi.

Ustadh Bakari: Na mtembeze kweli. Mnyama kufungwa mchana kutwa ana haki yake juu yetu. Mnaijua habari ya mtu aliyemkuta mbwa analamba udongo kwa kiu, akashuka kisimani, akajaza kiatu chake maji, akamnywesha. Mwenyezi Mungu akamsamehe kwa hilo.

Baba Swaleh: Mpeleke Amboni kule Mkulumuzi, kuna vijia vya wakata kuni vinafuata mto, kivuli kizuri. Ila pangoni usiingie naye. Si mnakumbuka hadithi ya waongozaji, wale wazungu walioingia na mbwa wao wasionekane tena, mbwa akatokea Kilimanjaro?

Anna: Kilimanjaro kweli??

Baba Swaleh: Ndivyo tulivyosimuliwa tangu wadogo.

Mwl. Kombo: Anna, hadithi ni tamu, ila pango refu kabisa lililopimwa pale halifiki hata kilomita moja. Hata hivyo Baba Swaleh yuko sahihi kwamba mbwa asiingie. Mle kuna popo wengi mno, na kuna watu wanaokwenda kuomba na kuweka sadaka zao. Si mahali pa kuburuta mnyororo. Vivyo hivyo Tongoni, yale ni makaburi na msikiti wa kale. Mtu akitaka kuona magofu aende bila mbwa.

Ustadh Bakari: Mbwa wa Ashabul Kahf, wale vijana wa pangoni katika Qur'ani, naye alikaa mlangoni, hakuingia ndani 🙂

Mzee Shomari: Mnazungumza misitu na mapango na bahari iko hapa mbele yenu. Mama Anna, nitakutumia sauti, kuandika kunanichosha.

Mzee Shomari: [Sauti, 2:41]

Hamisi: Nawaandikia wasioweza kufungua. Babu anasema hivi: Njia nzuri kuliko zote ni ufuko wenyewe, kutoka hapa kushika upande wa Mwambani, lakini ufuko una saa zake. Bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hupwa kama saa nne asubuhi. Hapo yanakwenda mbali, na watu wote wako chini: wachokoa pweza, watoto, kina mama wa kombe. Mbwa hapo ni kero, na jua limeshawaka. Wewe subiri mwezi ufike nusu, maji mafu. Siku mbili tatu baada ya hapo maji yanapwa alfajiri, kwenye saa kumi na mbili, saa moja. Hayaendi mbali kama bamvua ila mchanga mgumu wa kutembea unatosha, na mtu hayupo. Kuna mahali jiwe limetokeza. Ukifika hapo angalia saa, kwa sababu maji yakirudi njia inafungwa na utalazimika kupanda kwenye mikoko na matope. Tena nyavu zilizoanikwa zipite mbali. Mbwa akikojolea wavu wa mtu ni ugomvi wa siku nzima.

Mama Anna: Mzee Shomari shikamoo na ahsante sana. Hili la mwezi sikulijua kabisa. Nilikuwa naona tu siku nyingine ufuko umejaa na siku nyingine mtupu.

Mzee Shomari: Marahaba. Jumamosi hii inafaa. Mwezi ulikuwa nusu Alhamisi.

Dk. Neema (mifugo): Poleni, nilikuwa zahanati ya mifugo. Niongeze upande wangu, nitaandika kirefu kwa sababu naona wanyama wanaletwa kwangu wakiwa wamechelewa.

La kwanza ufukweni ni bunju, yule samaki mwenye sumu. Wavuvi wakimkuta kwenye wavu wanamtupa mchangani. Mbwa akimla ni kifo, na dawa yake hakuna. Kwa hiyo karibu na madau mfupishie kamba. Maji ya chumvi pia asinywe, atatapika na kuharisha. Beba chupa na bakuli lake.

La pili ni joto. Mbwa hatoki jasho mwilini kama sisi, ila kwenye nyayo tu, na kupoa kwake ni kwa kuhema. Weka nyuma ya kiganja chako mchangani au kwenye lami. Ukishindwa kukiacha mpaka uhesabu saba, kwa nyayo zake ni moto vilevile. Ukimwona ute mzito, ulimi umekolea wekundu, anayumba, mtie kivulini na ummwagie maji ya kawaida tumboni na miguuni. Barafu hapana. Kisha nipigie.

Kigombe na kuendelea upande wa Pangani kuna vichaka vyenye ndorobo, wale nzi wanaouma na kuleta ugonjwa. Mbwa akirudi, baada ya wiki kadhaa akakonda au jicho likaingia ukungu, msiseme ni uzee. Mleteni apimwe damu. Na kila akitoka majanini mkagueni kupe ndani ya masikio, kwapani, katikati ya vidole.

Juma Boda: Dokta na yale maji ya korona, mashine ya kuchambua mkonge?

Dk. Neema (mifugo): Ahsante Juma. Maji yanayotoka korona wakishachambua singa ni makali, yana asidi, asinywe wala asioge humo. Na ncha ya jani la mkonge ni mwiba mgumu, mbwa akikimbilia panya kati ya mistari anaweza kupoteza jicho. Atembee barabarani tu.

Bi Mwanaidi: Na chanjo dokta?

Dk. Neema (mifugo): Hiyo ndiyo ya mwanzo kuliko zote. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa mtu hakina tiba. Mtoto wa mbwa anachanjwa akiwa na miezi mitatu, halafu kila mwaka. Tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, sehemu nyingi chanjo hutolewa bure. Na mtu akiumwa, hata na mbwa mnayemjua, aoshe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo. Msipake kitu kingine.

Mama Anna: Jeki kachanjwa Machi. [Picha: kadi ya chanjo]

Bi Mwanaidi: Mashallah. Hii picha naihifadhi nimwonyeshe mjukuu.

Mama Anna: Swali la mwisho. Mjomba wake Anna yuko Muheza, tukienda likizo tumchukue Jeki mpaka Amani?

Mwl. Kombo: Amani ni hifadhi ya msitu asilia tangu 1997, ina wanyama wake, mbega na wengine. Ulizeni lango la Zigi kabla ya kumpandisha kwenye gari. Hifadhi za taifa kama Saadani mbwa haruhusiwi kabisa. Vijia vya mashambani vya huko Muheza, kwa idhini ya wenyewe, vinatosha sana.

Mama Anna: Sawa mwalimu. Jambo jingine, kinyesi. Mifuko ya plastiki ilikatazwa tangu 2019, natumia gazeti na koleo dogo, nafukia juu kabisa maji yasipofika. Inafaa Mzee Shomari?

Mzee Shomari: Inafaa. Mbali na madau.

Hamisi: Shangazi, mimi Jumamosi nitakuwa ufukweni na babu tunashona nyavu. Nikiona maji yanaanza kurudi napiga mluzi.

Mama Anna: Haya Hamisi. Tunatoka saa kumi na mbili na nusu, tunapita nyuma kwa fundi baiskeli. Juma na wewe?

Juma Boda: Nipo. Ila mkanda wa shingo wa Jeki umechakaa, jana niliona. Nina ngozi ya zamani ya tandiko, leteni kesho jioni fundi aushone.