Nimekuza herufi kwenye simu, kurasa zote nilizonukuu zimehama

Mwalimu_Korogwe

Ndugu zangu, naomba msaada. Rasimu ya tasnifu inatakiwa kwa msimamizi Ijumaa ya wiki ijayo.

Nafundisha sekondari na nasoma shahada ya uzamili ya elimu. Kitabu changu kikuu cha rejea nilinunua cha kielektroniki, faili la EPUB, kwa sababu cha karatasi nilikitafuta hapa na Tanga mjini sikukipata. Tangu Januari nakisoma kwenye simu usiku, nikishamaliza kusahihisha madaftari ya wanafunzi. Kila penye hoja naandika pembeni maneno mawili matatu na ukurasa: "Kumsubiri mwanafunzi baada ya swali, uk. 88." Nimejaza nukuu 46 namna hiyo.

Mwezi uliopita macho yalianza kuniuma, nikakuza herufi. Jana nafungua uk. 88, nakuta habari ya adhabu shuleni! Kitabu kilichokuwa na kurasa 284 sasa kina 431. Usingizi haukuja. Sasa ukurasa wa 88 wa kweli ni upi? Na kwenye tasnifu niandike nini?

Mpanga_Kurasa

Pole sana mwalimu. Nukuu zako hazijapotea.

Kurasa ulizoziona hazikuwa za kitabu, zilikuwa za kioo cha simu yako. Maandishi ya EPUB yanatiririka, na programu inahesabu yamejaza kioo mara ngapi. Herufi zikikua, kila kioo kinabeba maneno machache, na jumla inapanda. PDF haiko hivyo, kurasa zake zimefungwa kama za karatasi.

Fanya hivi: punguza herufi hatua moja moja huku ukiangalia jumla. Ikisomeka 284, simama hapo. Kama uligusa pia aina ya mwandiko, nafasi kati ya mistari au pambizo, virudishe, na simu uishike wima kama ulivyokuwa ukiishika. Ikigoma, tumia uwiano. 88 gawanya kwa 284, zidisha kwa 431, unapata kama 134. Tafuta hapo, kurasa mbili tatu mbele na nyuma.

Angalia pia kama mchapishaji amepachika ndani ya faili alama za kurasa za toleo la karatasi. Programu nyingine huzionyesha, na hizo hazihami hata ukikuza herufi vipi. Bahati mbaya wachapishaji wengi hawajisumbui, na hilo linaniuma maana ndiyo kazi yangu.

Bint_Mvita

Mwalimu, mimi yalinikuta kwa Kindle, kifaa cha Amazon cha kusomea vitabu. Ilipotoka 2007 haikuwa na kurasa, ilikuwa na namba za mahali. Kurasa za kitabu cha karatasi zilianza kuonekana 2011, na hadi leo si kwa kila kitabu. Namba za mahali hazibadiliki ukikuza herufi, kwa hiyo nikaziamini, nikanukuu "mahali 2318". Msimamizi akaizungushia kalamu nyekundu. Alikuwa na haki: yeye ana kitabu cha karatasi, 2318 ataifungulia wapi?

Mtindo wa kunukuu wa APA, toleo la 7, unasema namba hizo usizitumie. Andika sura, kichwa kidogo au aya, mfano: sura ya 4, aya ya 12. Mwenye karatasi na mwenye simu wote watafika.

Abu_Salma

Assalaam alaykum. Sisi tuliohifadhi kwa msahafu wa Madina tunajua thamani ya ukurasa. Una kurasa 604, kila ukurasa unaishia mwisho wa aya, na hadi leo naiona aya pale ilipokaa, juu kulia au chini kushoto. Kwenye simu nafungua msahafu uleule kwa picha ya kurasa, maana maandishi yanayotiririka yananipoteza. Lakini nikimwelekeza mtu simwambii ukurasa, namwambia Baqara aya ya 255. Na jirani zangu Wakristo wanatajiana Biblia kwa sura na mstari, kila mmoja na chapa yake.

Mwalimu_Korogwe

Waalaykum salaam, na asanteni nyote. Jumla imerudi 284! Ilibidi nirudishe na nafasi kati ya mistari, nilikuwa nimesahau kwamba niliigusa. Nimezipata 43. Tatu zimenishinda kwa sababu niliandika "mfano mzuri, uk. 201" na ukurasa huo una mifano minne. Sasa kwenye daftari naandika sura na maneno matano ya mwanzo ya sentensi, halafu nayatafuta kwa kisanduku cha kutafutia. Yanakuja mara moja.

Limebaki moja. Sura ya 6 haina vichwa vidogo, na ina aya karibu 60. Nihesabu zote?

Bint_Mvita

Hesabu zote mwalimu, kuanzia mwanzo wa sura. Tia alama kwenye daftari kila ukifika kumi, usije ukarudia.