Tupeane uzoefu: Hali gani kali ya hewa ungependa kuishuhudia tena?

Wakuu, kuna hali za hewa ambazo ukizishuhudia mara moja hazikutoki akilini. Kila mmoja aeleze aliyoiona na angependa irudi, au ambayo bado anaitamani. Naanza mimi.

Yangu ni mvua ya mawe. Joto lilikuwa limebana mchana kutwa, ghafla ubaridi ukashuka na wingu likageuka kijani kibichi. Likadunda jiwe moja uani, kimya kidogo, kisha yakamwagika yote. Mle ndani tuliongea kwa ishara tu. Ilipokatika niliokota jiwe kubwa nikalipasua kwa kisu: lina tabaka nyeupe na tabaka angavu, zinapishana. Upepo unaopanda ndani ya wingu hulishikilia jiwe lisianguke huku likizidi kuvishwa maji. Maji yakiganda haraka hunasa viputo vya hewa, tabaka linakuwa jeupe. Yakiganda polepole viputo hupata nafasi ya kutoka. Kule Vivian, South Dakota, Marekani, tarehe 23 Julai 2010, liliokotwa jiwe lenye kipenyo cha sentimita 20 na uzito wa karibu gramu 880. Hebu pigeni picha upepo uliokuwa ukilibeba lile!

Ningependa nione tena, nikiwa chini ya paa imara.

#2
Radi, mkuu. Mimi na radi hatuachani. Nikiona mmweko naanza kuhesabu: kila sekunde tatu mpaka ngurumo ifike ni kama kilomita moja. Usiku mmoja niliisikiliza dhoruba ikija hivyo, hesabu ikipungua na kupungua, hadi mmweko na mlipuko vikawa kitu kimoja na madirisha yakatetemeka. Ninachotamani sasa ni Ziwa Maracaibo, Venezuela. Usiku upepo wa ziwani hukutana na ule unaoshuka milimani, na radi hupiga karibu usiku 300 kwa mwaka. Hakuna sehemu duniani inayoizidi kwa wingi wa mimweko.

#3
Namba 2, kuhesabu ni kuzuri ila usihesabie nje. Ukipata chini ya sekunde 30, ingia ndani, na ukae dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho. Niliwahi kuwa kileleni na wenzangu, nywele zikaanza kusimama zenyewe na fimbo ya chuma ikawa inalia kama nyuki. Tulishuka mbio bila kuulizana. Hiyo sitaki irudi kabisa.

#4
Mimi nimepitiwa na jicho la kimbunga, ile sehemu tulivu ya katikati. Upepo ulivuma usiku kucha kutoka upande mmoja, tukaegemeza makabati kwenye madirisha ya upande huo. Halafu ukakatika. Tukachungulia: nyota zinaonekana, ndege wamejaa mtini wamechoka hata kuruka hawaruki. Jirani akatoka akakague miti yake, mzee mmoja akamfokea arudi, maana hiyo ni nusu tu. Kweli, haukupita muda upepo ukarudi kutoka upande wa pili, na miti iliyokuwa imeinamia huku ikang'olewa kuelekea kule. Wapo wanaofia hapo, wakidhani yameisha. Ile nafasi ya katikati, na anga lile, ningelipa chochote niione tena. Upepo wa kabla na wa baada, hapana.

#5
Ukuta wa vumbi. Unauona kwa mbali, mrefu kuliko jengo lolote, unatembea. Hewa baridi inayoporomoka kutoka kwenye wingu la mvua ndiyo inayousukuma. Ukifika, mchana unakuwa rangi ya matofali, halafu giza. Nautamani tena.

#6
Nimesoma yote. Sisi maji yaliingia usiku tukiwa tumelala, tukapanda juu ya paa na watoto. Nikisikia mvua kubwa hadi leo siwezi kufumba macho. Siwalaumu mnaotamani, ila naomba uzi huu ubebe na upande wetu.

#7 (mwanzisha mada)
Namba 6, pole sana, na asante kwa kuandika. Nilipouliza niliwaza anga tu, sikuwaza nani yuko chini yake. Ulivyoandika ndivyo inavyotakiwa, na wengine wenye mkasa kama wako waje pia, hata kama hawatamani chochote kirudi.

#8
Ombi kwa aliyefika Maracaibo: husemwa kwamba radi za pale hazina sauti. Nijuavyo, ngurumo ni nadra kusikika ukiwa zaidi ya kilomita 20 hivi, huku mwanga ukionekana mbali zaidi sana. Uliyekaa karibu na ziwa lenyewe, ulisikia nini?