Kikundi chetu Ujiji kinasaidia watoto majumbani kwao, sasa mfadhili anataka tujenge kituo walale humo. Mnashauri nini?

MwanaKasingirima:
Mwakeye wana Kigoma na wengine wote humu. Naomba mnisome mpaka mwisho maana jambo lenyewe ni refu.

Tuna kikundi hapa Ujiji, kilianza kama cha kuzikana na kuuguzana, akina mama wengi na sisi wanaume wachache, baadae tukawa tunaona kila msiba unaacha watoto na watoto hao hawaendi mbali, wanabaki kwa bibi, kwa shangazi, kwa mama mdogo ambaye na yeye ana wa kwake watano. Ndo tukaanza kuchanga kila wiki kwa ajili yao. Sio hela nyingi ila inafanya kazi. Ada ilifutwa tangu 2016 sawa, lakini mtoto bado anatakiwa sare, viatu, daftari, mchango wa chakula cha mchana, na bibi anayeuza ndizi nje ya geti hawezi kutoa hivyo vyote Januari moja. Kwa hiyo tunanunua sare, tunapeleka unga wa muhogo na mawese kwenye nyumba ambazo tunajua sufuria halijapanda jikoni, tunamsindikiza bibi kufuatilia cheti cha kuzaliwa cha mjukuu maana peke yake atazungushwa mpaka akate tamaa. Mama akiwa na nguvu tunampa mtaji aanze biashara. Kuna dada kwenye kikundi yeye kazi yake ni kutembea tu, anapita nyumba kwa nyumba jioni anakaa na watoto anaangalia madaftari, na huyo ndo anajua nani ameacha shule kabla hata ya mwalimu.

Sasa kuna mgeni alikuja akaona tunavyofanya akaguswa kweli, nashukuru. Anataka kutujengea kituo cha watoto yatima, jengo la vitanda arobaini, jiko, kisima, na gari. Ila hela yake ni ya jengo na watoto waishi humo ndani, sio ya kugawa majumbani. Mwenyekiti wetu anasema bahati kama hii haiji tena, na nusu ya wanachama wako naye. Mimi roho inakataa. Nikiwahesabu watoto wetu mmoja mmoja kwa majina karibu wote wana mtu. Bibi yupo, kaka mkubwa yupo, mama yupo ila anaumwa. Nitamtoaje mtoto kwa bibi yake aliyemlea toka ananyonya nikamlaze kwenye kitanda namba kumi na saba kwa sababu tu bibi hana hela?

Lakini pia naogopa nisije nikawa nawazibia watoto riziki kwa hisia zangu. Wenye uzoefu naombeni mnisaidie, kikao ni mwezi ujao.

Ustawi Mstaafu:
Mwanangu umefanya vizuri kuuliza kabla ya msingi kuchimbwa. Nimefanya kazi ya ustawi wa jamii mkoa huu mpaka nikastaafu, na hilo swali nimekutana nalo mara nyingi, wengi huja kuuliza jengo likiwa limeshapigwa rangi.

Kwanza sheria. Sheria ya Mtoto ya 2009 inampa mtoto haki ya kuishi na wazazi wake au walezi wake, na kumtenganisha nao ni jambo la mahakama kuamua pale ikionekana kubaki nyumbani kutamdhuru. Umaskini wa bibi sio sababu. Makao ya watoto yana kanuni zake za 2012, lazima yapate leseni, yakaguliwe, kila mtoto awe na faili lake na mpango wa kumrudisha kwa ndugu. Kikundi hakiwezi kuchukua mtoto mtaani kikamweka ndani hata kama nia ni njema, mtoto anapitia kwa afisa ustawi. Mkijenga kwanza mkaulizia baadae mtafungiwa, na watakaopata shida ni watoto.

Pili ambalo ndo kubwa. Kituo kikifunguliwa mahali penye njaa hakikosi watoto. Wataletwa. Mama atakuja na wawili mkononi aseme baba yao amekufa, na baba yuko Kibirizi anavuta nyavu, sio kwamba mama ni mwongo mbaya, ameona pale kuna wali, shule na neti, na yeye hana. Kwa hiyo badala ya jengo kupunguza yatima linawaongeza, mtoto mwenye wazazi anaitwa yatima ili apate sahani ya chakula. Nimeyaona hayo kwa macho yangu.

Hata utafiti upo. Kule Romania watafiti walifuatilia watoto waliotelekezwa, wengine wakabaki kwenye vituo na wengine wakapelekwa kwenye familia za kulea, waliopelekwa kwenye familia wakakua vizuri zaidi kwa akili na kwa moyo, hasa waliotolewa kituoni kabla ya kutimiza miaka miwili. Na Umoja wa Mataifa ulipitisha miongozo 2009 inayosema wazi, mtoto asitolewe kwenye familia kwa sababu ya umaskini peke yake, umaskini ndo dalili kwamba ile familia inahitaji msaada.

Mwambieni huyo mgeni kwa heshima. Jengo ni gharama ya mara moja, ila mpishi, mlinzi, mlezi wa usiku, umeme, dawa, mafuta ya gari, hayo ni kila mwezi mpaka mtoto wa mwisho atoke. Atayalipa kwa miaka mingapi?

Kijana wa Reli:
Mimi nimelelewa kituoni, sio Kigoma, mkoa mwingine na sitautaja. Nilikula, nilisoma, sikupigwa, walionilea nawaombea mpaka leo. Nasema hivyo kwanza msije mkadhani nina chuki.

Ila niliingia nikiwa mdogo na nilikuwa na bibi. Mwanzoni alikuwa anakuja kuniona, halafu akawa anakuja sikukuu tu, halafu nauli ikamshinda. Nikatoka na miaka kumi na nane na cheti cha form four na begi. Nikarudi kijijini kwetu kwenye msiba wa babu mdogo, nimekaa na wanaume pale turubai, nasikia watu wanaulizana huyu ni nani. Kiha sikijui. Shamba la baba limeshalimwa na wengine na hakuna wa kunisimamia maana hakuna anayenikumbuka. Ilibidi bibi aliyekuwa hata haoni vizuri anishike mkono apite nao kwa wazee mmoja mmoja aseme huyu ni wetu.

Hela iliyotumika kwangu pale kituoni, hata robo yake angepewa bibi ningekua nyumbani na ningekuwa na ndugu. Hilo ndo linaniuma. Bro usikubali, na kama unaweza waambie wanachama wako waongee na sisi tuliotoka humo ndani kabla hawajapiga kura.

Mama wa Kibirizi:
Mimi naongea kama mama niliyesaidiwa na kikundi kama hicho, sio chenu ila kinafanana. Nisameheni mwandiko, naandikia kwenye simu niko na dagaa juani.

Watu wanaotoka nje hawajui kwamba hela ya huku kwetu inaenda na mwezi, mwezi wa angani nasema. Zikiwa siku za giza wanaume wanaingia ziwani na taa, dagaa wanapatikana, tunaanika, kila mtu ana kitu. Ikifika mbalamwezi wanalala nyumbani, hakuna kazi, na hizo ndo siku mtoto anarudishwa shule kwa mchango. Mwaka 2024 ndo tulionyooka kabisa, Ziwa Tanganyika lilifungwa kuanzia tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti samaki wapumzike wazaliane, na ni jambo la nchi zote zinazolizunguka, sina ugomvi nalo, lakini miezi mitatu sisi tunaoanika tulikaa hivihivi. Kuna wenzangu walipeleka watoto kwa ndugu vijijini, kuna waliofikia hatua ya kuuliza kama kuna kituo kinachopokea. Nawajua. Ni mama wazuri, wanawapenda watoto wao kuliko chochote, walikuwa wanatafuta mahali mtoto atakula.

Kilichonishika mimi ni kwamba kikundi hakikunipa mtaji wa dagaa tu. Walinipa na wa kununua mawese msimu ukichanganya bei iko chini, nikaweka madumu ndani, ziwa lilipofungwa nikawa nauza kidogo kidogo pale Mwanga sokoni. Wanangu hawakutoka nyumbani hata siku moja. Kwa hiyo kaka yangu muulize huyo mgeni, je yuko tayari kuweka hela ya akiba ya kipindi kibaya tu? Haionekani kwenye picha kama jengo najua, lakini ndo inayobakiza mtoto kwa mama yake.

Na jambo jingine mnisaidie, hawa watoto wa kiume wa darasa la tano la sita wanaoshinda ufukweni wanachagua dagaa wanapewa kibaba, hao wana wazazi wote wawili na hakuna anayewahesabu kwa sababu sio yatima. Kikundi chenu kiwaangalie na wao.

Bangwe Juu:
Nimesoma wote, nakubali mengi ila naomba nipinge kidogo maana naona tunaenda upande mmoja. Kuna mtoto ambaye nyumbani ndo panamuua. Mtaani kwetu kulikuwa na binti anapigwa na mjomba usiku mpaka majirani tunatoka nje, tukapiga 116, ile namba ya simu ya kusaidia watoto, polisi wa dawati la jinsia na watoto wakaja, vizuri, halafu swali likawa leo usiku analala wapi? Hakukuwa na jibu. Alilala kwa mke wa mjumbe. Sasa mkisema hakuna kituo kabisa, huyo mnampeleka wapi?

Ustawi Mstaafu:
Bangwe Juu uko sahihi kabisa na nashukuru umelileta. Kwa mtoto wa hivyo lazima pawe na mahali, usiku huohuo. Ila angalia ulichokiandika mwenyewe, alilala kwa mke wa mjumbe. Serikali ina utaratibu wa familia za kuaminika, yani nyumba ambayo ustawi wameichunguza, wameifundisha na kuiandikisha, inampokea mtoto wa dharura mpaka shauri lake litulie au apatikane ndugu salama. Tumefanya hivyo sana hata kwa watoto waliovuka kutoka Kongo na Burundi peke yao, walipokelewa na familia za wakimbizi wenzao. Wanachokosa hawa walezi mara nyingi ni godoro, unga na mtu wa kuwatembelea. Kikundi chenu kina watu wa kutembea tayari. Nyumba chache za namna hiyo Ujiji nzima zingefanya kazi ambayo vitanda arobaini haviwezi, na mtoto anaendelea na shule yake ileile.

Kwa wale ambao kweli hawana mtu na hawapati familia, makao yenye leseni yapo, yatumike kwa hao wachache.

Mnyamwezi wa Sikonge:
Salamu kutoka Tabora. Huku kwetu kata yetu tulikuwa na mfadhili wa kujenga kama wa kwenu. Hatukubishana naye, tulimwandikia hesabu mbili kwenye karatasi moja, upande huu mtoto mmoja akiwa kituoni kwa mwaka, upande huu mtoto huyohuyo akiwa kwa bibi yake na sisi tunamlipia kila kitu pamoja na nauli ya anayewatembelea. Alipoona tofauti akanyamaza, kesho yake akauliza mnahitaji nini. Tukaomba mizinga ya nyuki kwa walezi maana misitu tunayo, na hela ya sare. Jengo akajenga ila ni chumba cha watoto kusomea jioni na stoo ya asali, wanarudi kulala kwao.

Ila mpate usajili unaoeleweka. Kama bado mko kama kikundi cha kijamii pale halmashauri, muulizeni afisa maendeleo ya jamii kama kazi hiyo na hela hiyo vinawataka msajiliwe kama shirika lisilo la kiserikali, maana shirika lina ripoti za kila mwaka na hesabu za kukaguliwa, na mikataba ya wafadhili inapelekwa kwa msajili. Usiruhusu hela ya watoto iingie kwenye simu ya mtu, hata awe mwenyekiti, hata awe mchungaji au shehe. Akaunti ya benki, sahihi tatu, basi.

MwanaKasingirima:
Shikamoo mzee Ustawi, na nyie wote asanteni sana, nimemsomea mke wangu yale ya Kijana wa Reli tukashindwa kuendelea kula. Bro kama uko tayari nitakupigia siku ya kikao uongee na wanachama kwenye spika, naona watakusikia wewe kuliko mimi.

Mama wa Kibirizi hilo la mbalamwezi nimekaa nikaliwaza, sisi tulikuwa tunagawa kila tarehe moja wakati shida haina tarehe moja. Na wale watoto wa ufukweni dada yetu anayetembea anaanza nao wiki hii.

Mgeni nitampelekea hesabu mbili kama Tabora walivyofanya. Nitamuomba vitu vitatu tu, mfuko wa kipindi kibaya, magodoro na unga kwa familia za kuaminika, na chumba cha kusomea chenye taa ya sola. Mzee, nikija ofisi ya ustawi kuulizia hizo familia za kuaminika nianze na nini mkononi?

Ustawi Mstaafu:
Marahaba mwanangu. Nenda na barua ya kikundi iliyopita kwa mtendaji wa mtaa, na orodha ya walezi wanaojitolea wenyewe, mume na mke wote wawe wamekubali, usimwandike mtu kwa sababu mkewe tu ametaka. Orodha ya watoto usiisambaze whatsapp, mpelekee afisa ustawi mkononi. Na mwombe afike kwenye kikao chenu, ni haki yenu kumuomba, na mwenyekiti akilisikia hili kwake atalichukua tofauti.