Naomba ushauri: wasifu wa mama nianzie wapi?

Hamjambo ndugu zangu. Niko hapa Kayole, na Jumamosi tunamzika mama kule Makueni. Kifungua mimba ni mimi, kwa hiyo wasifu umeniangukia. Nimepewa dakika 5, na mchungaji wetu hatanii.

Karatasi inataka shule alizosoma na kazi alizofanya. Hapo mama hana cha kujaza. Lakini matuta ya shamba letu yote aliyachimba na kina mama wa mwethya, kile kikundi cha kusaidiana kazi, leo kwetu, kesho kwa jirani, jembe begani, mtoto mgongoni. Kiangazi aliamka saa tisa usiku kwenda kufukua mchanga wa mto mkavu, tupate maji ya kunawa kabla ya shule. Karo yangu ilitoka kwenye viondo alivyosuka akichunga mbuzi.

Dada anataka nitaje pia ile kesi ya shamba na baba mdogo. Jamani, si atakuwa ameketi mstari wa mbele!

Mliowahi kuandika, mlianzaje? Nisome kwa Kikamba, na wenzangu wa kazini wanakuja na basi kutoka Nairobi? Na kesi, niiache?