Naomba ushauri: tembe ya metformini inaachia dawa haraka mno

Wakuu, salaam. Tembe ina metformini (dawa ya kisukari) miligramu 500, haipromelozi K100M (polima inayovimba majini kuwa jeli na kuchelewesha dawa kutoka) asilimia 30, selulosi ya mikrokristalini (kijazio) asilimia 8 na magnesiamu stearati (kilainishi) kidogo. Inatakiwa kuachia dawa kwa saa 10, lakini nikiijaribu kwenye bafa (kimiminika chenye pH isiyobadilika) ya pH 6.8, nyuzi 37, nusu inatoka saa ya kwanza. Metformini huyeyuka sana majini, hivyo inatoroka kabla utando wa jeli haujafunga. Haipromelozi ikifika asilimia 40, tembe itakaribia gramu 1, wazee wataimezaje?

Je, chembe laini zaidi za haipromelozi, zinazolowa upesi, zitatosha? Au niongeze sodiamu kaboksimethili selulosi, polima nyingine ambayo chaji yake hasi huishika metformini? Kwa uwiano gani?